Mipaka imefunguliwa, lakini majina yetu yamebaki kwa nani?

Getini kwetu redioni kuna daftari kubwa lenye jalada jeusi. Lilianza kutumika Julai 2021, wakati wimbi la tatu la UVIKO-19 limepamba moto. Kila mgeni aliandika jina lake, namba ya simu, anakotoka, saa aliyoingia na joto la mwili. Wiki iliyopita nilimkuta mlinzi amelitumia kushikilia dirisha lisipigwe na upepo. Kipimajoto kiliisha betri zamani na hakuna aliyenunua nyingine.

Nikalichukua, nikalifungua. Ndani yake mna majina na namba za simu za mamia ya watu: waliokuja kuhojiwa, waliokuja kulipia matangazo ya vifo, mafundi, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kwa miezi tisa limekaa mezani, na yeyote aliyepita getini angeweza kulisoma.

Mwaka 2022 nchi za Afrika Mashariki zilifungua milango yake. Masharti ya korona yaliondolewa kwa tangazo la waziri, na jioni hiyohiyo sisi tulilisoma kwenye taarifa ya habari. Lakini taarifa za watu zilizokusanywa kwa sababu ya masharti hayo haziondoki kwa tangazo. Ziko kwenye madaftari, kwenye kompyuta za mipakani, kwenye simu za madereva na kwenye mitambo ya mashirika ya ndege. Makala haya yanaeleza zilifikaje huko, wenzetu wa nchi nyingine walijifunza nini kwa gharama kubwa, na kwa nini jambo hili litaamua kama watu watakubali kupimwa siku mlipuko mwingine utakapokuja.

Nini kimebadilika

Tukumbushane kwanza. Kenya iliondoa amri ya kutotoka nje usiku Oktoba 20, 2021. Uganda ilifungua shule Januari 10, 2022, baada ya takriban miaka miwili ya madarasa kufungwa au kufunguliwa nusunusu. Rwanda ilifungua mipaka yake ya nchi kavu Machi 7, 2022. Siku nne baadaye Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa barakoa si lazima tena katika maeneo ya wazi, na kwamba msafiri aliyekamilisha chanjo haombwi tena cheti cha kipimo cha PCR anapoingia nchini.

Tanzania ilifuata. Kuanzia Machi 17, msafiri aliyekamilisha chanjo hakuhitaji kuja na kipimo cha PCR cha saa 72, ila alitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo chenye msimbo wa QR unaoweza kuhakikiwa. Ambaye hakuwa amechanja bado alidaiwa kipimo.

Ukiyatazama kwa makini mabadiliko haya utaona kwamba sharti halikufutwa lote, bali lilihamia mahali pengine. Zamani ofisa wa afya alitaka kujua kama umeambukizwa leo. Baada ya hapo alitaka kujua kama umechanjwa, lini, wapi na chanjo gani. Taarifa ya kwanza inapitwa na wakati baada ya siku chache. Ya pili ni sehemu ya historia yako ya afya na itakaa na wewe maisha.

Kipimo kilikuwa kinatuambia nini

Wasikilizaji wengi wametuuliza kwa nini mtu apimwe Dar es Salaam, halafu apimwe tena akishuka upande wa pili. Jibu liko katika namna vipimo vinavyofanya kazi.

Kipimo cha PCR hutafuta chembe za vinasaba vya kirusi. Ni kipimo kizuri, lakini ni picha ya dakika ile ulipochukuliwa sampuli. Mtu anaweza kupimwa Jumatatu akiwa mzima, akaambukizwa Jumanne kwenye basi, na Alhamisi akapanda ndege na cheti chake safi mkononi. Kinyume chake pia hutokea: aliyekwisha kupona anaweza kuendelea kuonekana na chembe za kirusi kwa wiki kadhaa, ingawa haambukizi tena. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa na kinaweza kufanyika palepale uwanjani au mpakani, lakini kinaweza kumkosa mtu ambaye virusi bado ni vichache mwilini mwake.

Kwa hiyo hakuna cheti kilichowahi kuthibitisha kwamba msafiri hana korona. Kilichokuwapo ni kupunguza uwezekano, na kila nchi ikaamua yenyewe ipunguze kwa kiasi gani na nani alipie. Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Namanga na Malaba

Hakuna kundi lililopimwa mara nyingi Afrika Mashariki kuliko madereva wa malori. Mei 16, 2020, Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa mizigo, na dereva akatakiwa kupimwa kabla ya kuruhusiwa kuingia. Tanzania ikayatilia shaka majibu yaliyokuwa yanatolewa upande wa Kenya. Magari yakasimama Namanga, Holili, Horohoro na Sirari. Nyanya na vitunguu havijui diplomasia, vikaozea barabarani.

Agosti mwaka huohuo mvutano ulihamia angani. Kenya ilipofungua safari za kimataifa iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wake hawawekwi karantini. Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways, baadaye na za kampuni nyingine tatu za Kenya. Zuio hilo liliondolewa Septemba 16, baada ya Kenya kuiingiza Tanzania kwenye orodha.

Ili kumaliza ugomvi wa majibu ya vipimo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, unaojulikana kwa kifupi kama RECDTS. Wazo lilikuwa zuri. Dereva anapimwa mara moja, anapewa cheti cha kielektroniki cha siku 14, na nchi zote zinazoshiriki zinakiona na kukikubali. Programu kwenye simu yake inaonyesha njia aliyopita, ili akigundulika ana maambukizi, maofisa wa afya wajue alisimama wapi na alikutana na nani.

Hebu lirudie jina la mfumo huo polepole: kufuatilia mizigo na madereva. Mzigo na binadamu wameandikwa kwenye sentensi moja. Sisemi kuna aliyekusudia ubaya. Lakini mamlaka za mapato za ukanda huu zilikuwa tayari na mfumo mwingine wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki, na huo una kazi yake halali ya kuzuia ukwepaji kodi. Dereva ana haki ya kuuliza kama taarifa za mahali alipolala zinaishia kwa daktari, au zinafika kwa tajiri wake, kwa mtoza kodi na kwa askari wa barabarani.

Swali hilo halikuwa la kinadharia kwa madereva. Mwaka 2020 walinyooshewa vidole. Nchini Uganda, takwimu za kila siku ziliwataja madereva wa malori kwa kundi lao, mpaka serikali ikaamua kuacha kuwahesabu madereva wa kigeni katika idadi ya kitaifa. Katika vituo vya njiani, watu waliowauzia chakula kwa miaka wakaanza kuwakwepa. Dereva mmoja aliyepiga simu studio wakati ule alisema anaficha kazi yake hata kwa mwenye nyumba anakopanga.

Na makubaliano yenyewe hayakudumu. Mwishoni mwa mwaka 2021 Uganda ilitaka kila dereva apimwe tena mpakani kwa dola 30, karibu shilingi 70,000 za Tanzania wakati huo, hata kama ana cheti halali cha Kenya. Madereva wakagoma. Januari 2022 foleni upande wa Kenya, kuanzia Malaba na Busia, ilifika makumi ya kilomita. Mafuta yakaadimika Uganda, na katika baadhi ya maeneo lita moja ya petroli ikauzwa shilingi 10,000 za huko na zaidi. Serikali ya Uganda ikalazimika kusitisha sharti hilo kwa madereva.

Mfumo wa kompyuta ulikuwepo na cheti kilikuwepo. Kilichokosekana ni imani, baina ya serikali na serikali, na baina ya serikali na dereva.

Vyeti bandia na safari ya kuelekea kwenye msimbo

Sababu nyingine ya kuhamia kwenye mifumo ya kielektroniki ni udanganyifu. Cheti cha karatasi chenye muhuri ni rahisi kughushi, na biashara hiyo ilichanua katika nchi nyingi. Januari 2022 Kenya ilizuia kwa muda ndege za abiria kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, kujibu hatua ya nchi hiyo kuwazuia abiria kutoka Kenya, na katika mzozo huo vyeti bandia vilitajwa. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai na Abu Dhabi hiyo haikuwa habari ya mbali. Walikwama wakiwa na viza na tiketi mkononi.

Umoja wa Afrika, kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, ulileta mfumo wa Trusted Travel. Maabara iliyotambulika iliingiza majibu yako, wewe ukapewa namba maalumu, na shirika la ndege likaihakiki. Tanzania nayo ilikuwa na fomu ya Afya Msafiri, ambayo aliyekuja kutoka nje aliijaza mtandaoni kabla ya kuwasili na kupewa namba yake ya afya.

Kitu ambacho wengi hawakukijua ni kwamba misimbo hii ipo ya aina mbili. Ipo ambayo ndani yake kuna taarifa chache na sahihi ya kielektroniki. Mashine ya ofisa inasoma sahihi, inajua cheti ni cha kweli, basi, haihitaji kuuliza popote. Na ipo ambayo ni kama ufunguo: ukiuskani unafungua jalada lako lililo kwenye hifadhi kuu mahali fulani, na kila ukaguzi unaweza kuacha kumbukumbu kwamba fulani alikaguliwa hapa, saa hii. Kwa msafiri zote mbili ni kisanduku kilekile cha madoa meusi. Kwa faragha yake ni vitu viwili tofauti kabisa. Hakuna ofisa aliyewahi kusimama mezani akatueleza ni ipi.

Kujiandikisha mlangoni

Mbali na mpakani, kulikuwa na milango ya kila siku. Makanisa, misikiti, benki, hoteli, kumbi za harusi na ofisi za serikali ziliweka ndoo ya maji, kipimajoto na daftari. Kisumu nchini Kenya vijana walibuni programu ya mSafari, ili abiria wa matatu ajiandikishe kwa namba ya gari, na mmoja akiugua waliosafiri naye wapatikane.

Lengo la kujiandikisha ni la maana. Ugonjwa unaosambaa kwa hewa unaweza kukatwa mnyororo ikiwa waliokaa na mgonjwa watapatikana mapema na kukaa pembeni siku chache. Lakini ili kazi hiyo ifanyike, mtu lazima aandike jina lake la kweli na namba yake ya kweli. Nilipolipekua daftari letu nilikuta wageni watatu wenye namba za simu zenye tarakimu nane tu, mmoja aliyejiita "Mgeni", na mtangazaji mwenzetu mmoja aliyeandika joto la nyuzi 36.5 kila siku kwa miezi miwili mfululizo. Siwacheki. Waliliona daftari liko wazi mezani, wakajilinda kwa njia pekee waliyokuwa nayo.

Walioahidi na wakateleza

Nchi tajiri zenye mitambo mizuri zilipata tatizo hilohilo, na kwao liliandikwa hadharani.

Singapore ilizindua programu ya TraceTogether Machi 2020. Waziri aliyehusika aliwahakikishia wananchi kwamba taarifa zitatumika kufuatilia maambukizi tu. Watu wakajiunga, na hadi mwisho wa mwaka zaidi ya theluthi mbili ya wakazi walikuwa wamo. Januari 4, 2021, bunge likaambiwa kwamba kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai polisi wanaweza kuzichukua taarifa hizo, na ikajulikana walikwisha kujaribu kuzitumia katika uchunguzi wa mauaji. Waziri akakiri kwamba alipotoa ahadi hakuifikiria sheria hiyo. Februari bunge likapitisha sheria mpya ya kuwawekea polisi mpaka: makosa makubwa ya aina saba tu.

Jimbo la Australia Magharibi nalo lilikuwa na programu ya SafeWA ya kujiandikisha kwenye maduka na migahawa. Mwaka 2021 ilibainika polisi walikuwa wamechukua taarifa zake wakichunguza makosa makubwa, yakiwemo mauaji. Hawakuvunja sheria, kwa sababu sheria haikuwakataza. Serikali ya jimbo ikaomba waache, polisi wakasema wana wajibu wa kupeleleza, na Juni ikabidi sheria itungwe haraka kufunga mlango huo.

Ujerumani ilikuwa na programu ya Luca, iliyotumiwa na migahawa na baa. Taarifa zake zilifungwa kwa namna ambayo mwenye mgahawa peke yake hawezi kuzisoma. Novemba 2021, katika mji wa Mainz, mtu mmoja alianguka baada ya kutoka mgahawani na akafa. Polisi walitaka mashahidi. Ofisi ya afya ikafungua taarifa za wageni kana kwamba kulikuwa na aliyeambukizwa, na watu 21 wakapatikana. Ilipofichuka Januari 2022, mwendesha mashtaka aliomba radhi. Tangu hapo majimbo kadhaa yametangaza kwamba hayataongeza mkataba wa programu hiyo, ingawa sababu nyingine ni kwamba maofisa wa afya walikuwa hawaitumii sana.

Kufuli la Luca halikuvunjwa na mwizi wa mtandaoni. Lilifunguliwa na mwenye ufunguo, kwa kazi ambayo hakupewa ufunguo huo kwa ajili yake.

Upo pia mfano wa upande wa pili. New Zealand ilitengeneza programu ambayo shajara ya mahali ulipopita inabaki ndani ya simu yako mwenyewe, na kila rekodi inajifuta baada ya siku 60. Serikali haikuwa na hifadhi kuu ya kuombwa na polisi. Ujerumani yenyewe ilikuwa na programu nyingine, Corona-Warn-App, ambayo haikuhitaji jina la mtu kabisa.

Lakini muuaji akikamatwa, si vizuri?

Hapa kuna hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Kama daftari la mlangoni linaweza kusaidia kumpata aliyeua, kwa nini tulifungie kabatini? Mama wa marehemu hajali kama taarifa ilikusanywa kwa ajili ya korona au kwa ajili ya kitu kingine. Anataka haki.

Ninaielewa hoja hiyo, na sidhani kuna jibu jepesi. Lakini tuhesabu pande zote mbili. Kesi hizo za mauaji zilikuwa chache, na polisi wana njia nyingine za upelelezi. Kwa upande mwingine kuna mamilioni ya watu ambao kila asubuhi wanaamua kama wataandika namba ya kweli au ya uongo. Wakijua kwamba daftari la afya ni pia daftari la polisi, wenye wasiwasi watakuwa wengi kuliko wenye hatia: mhamiaji ambaye karatasi zake hazijakamilika, mwandishi aliyekuja kukutana na chanzo chake, mfanyabiashara mwenye deni, mume aliyesema yuko kazini. Hao wote wakiandika uongo, siku ya kuwatafuta kwa ajili ya ugonjwa hawatapatikana. Tutakuwa tumepata shahidi mmoja na kupoteza mamia ya waliokaa na mgonjwa.

Na kama taifa likiamua polisi waruhusiwe, basi liseme hivyo mapema, katika sheria, kabla ya mtu wa kwanza kuandika jina lake. Kilichoiumiza Singapore si sheria yenyewe tu. Ni kusema hivi leo, na kesho watu wakakuta vingine.

Sheria zetu zinasemaje

Afrika Mashariki haiko mikono mitupu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2019 hiyohiyo. Rwanda ilipata yake Oktoba 2021. Msingi wake unafanana: taarifa ikusanywe kwa sababu inayojulikana, isitumike kwa sababu nyingine, isikae muda mrefu kuliko inavyohitajika, na taarifa za afya zipewe ulinzi wa juu zaidi.

Kenya imeonyesha kwamba sheria hiyo inaweza kuuma. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema usambazaji wa Huduma Card haukuwa halali kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa data za wananchi. Kadi hiyo haikuhusu korona, lakini kanuni ni ileile: kwanza tathmini, ndipo ukusanyaji.

Tanzania, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2022, haikuwa na sheria moja mahsusi ya kulinda taarifa binafsi. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inazibana kampuni za simu zisitoe ovyo taarifa za wateja. Lakini daftari la getini halina kampuni ya simu. Ukiniuliza nani anawajibika kwa majina yaliyomo kwenye daftari letu, jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyewahi kupewa jukumu hilo.

Somo tulilokwisha kujifunza

Wala hatuna haja ya kwenda Singapore kujifunza. Barabara hizihizi za malori, kutoka bandari ya Mombasa na Dar es Salaam hadi Kigali na Kampala, ndizo zilizobeba janga la UKIMWI. Miaka ile ya mwanzo watu walikataa kupimwa, kwa sababu majibu yalijulikana mtaani kabla hayajafika nyumbani. Dereva alikufa bila kusema, na mke wake akamfuata.

Hali ilianza kubadilika upimaji ulipokuwa wa hiari na wa siri, majibu yakatolewa chumbani na mshauri nasaha, na baadaye dawa zikapatikana. Tanzania iliiandika siri hiyo katika Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008: majibu ya mtu ni yake, na mtoa huduma anayeyatangaza anatenda kosa. Zilihitajika dawa, zilihitajika fedha, lakini bila siri mtu asingevuka kizingiti cha kituo. Korona ilipokuja, tuliusahau uzoefu huo. Tukaweka madaftari mezani.

Maswali ya kuuliza

Virusi vya korona havijatangaza kuondoka, na hata vikiondoka, ukanda huu unaujua Ebola na utakutana na mengine. Kabla ya hapo, kila anayetakiwa kuandika jina lake, na kila ofisi inayotaka jina hilo, inaweza kuuliza mambo matano.

Taarifa hii ni kwa kazi gani, na kazi hiyo imeandikwa wapi? Nani ataisoma, kwa cheo na si kwa maneno ya jumla kama "mamlaka husika"? Itakaa siku ngapi kabla ya kufutwa? Kwa UVIKO-19 wiki chache zilitosha, kwa kuwa aliyekaa na mgonjwa miezi sita iliyopita hatafutwi tena. Je, polisi, mwajiri au mtoza kodi wanaweza kuichukua, na kwa kibali cha nani? Na ikivuja, mwenye jina atamlalamikia nani?

Kwa mifumo ya mipakani maswali haya yanaihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Nchi zilizoondoa masharti ya vipimo zitangaze pia ni lini majibu ya zamani ya madereva na kumbukumbu za njia zao zitafutwa, na nani atathibitisha kwamba zimefutwa kweli. Dereva aliyepimwa mara ishirini ndani ya miaka miwili anastahili kuambiwa hivyo, kama alivyoambiwa kila mara afungue mdomo na kuinua pua.

Kuhusu daftari letu, tulikaa na uongozi wa kituo Ijumaa. Kurasa zenye majina zilichanwa na kuchomwa nyuma ya jengo mbele ya mlinzi na mhasibu. Mlinzi amepewa daftari jipya la wageni, lenye jina na saa tu, nalo linafungwa kwenye droo. Dirisha sasa linashikiliwa na tofali.